Kinyoya, wanawake wanne na tiketi moja ya Afrika

SEHEMU YA 1

 Najua niliahidi kuendelea na mambo ya lishe, mtanisamehe, yatafuata wiki ijayo. Leo nina stori ya historia, tena ya michezo. Ni ndefu kidogo, nimeikata vipande. Wenye wachanga nyonyesheni huku mnasoma.

Imeanzia kliniki. Siku ile watoto walikuwa wengi, mzani mmoja, foleni imefika mpaka chini ya mwembe. Mkiona nesi anapuliza glavu mpaka inakuwa puto lenye vidole, jueni kelele za watoto zimemshinda. Nikapuliza moja, nikampa mtoto wa dada mmoja hivi. Dada mwenyewe ana miaka kumi na tisa, na huyo ni mtoto wake wa pili. Mtoto akalitupa. Mama yake akaliwahi kwa kadi ya kliniki lisianguke. Mama wa benchi la mbele akalirudisha kwa kiganja. Likaenda, likarudi, mara wanacheza wanne, wawili huku wawili kule, benchi la katikati ndiyo wavu. Watoto wote kimya, macho juu. Mimi na kalamu yangu nimesimama tu.

Yule dada alikuwa balaa. Anajua lini apige kwa nguvu na lini aliguse tu lidondoke mbele. Nikamuuliza, mwenzetu umejifunzia wapi? Akasema alicheza netiboli shule ya msingi mpaka timu ya wilaya. Na sekondari? Akanionyesha kwa kidevu mtoto wake mkubwa aliyekuwa anachezea mchanga. "Niliishia kidato cha pili, nesi." Wala hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anavyotaja kijiji alichohama.

Usiku sikulala vizuri. Nikawa nawaza kwamba kile walichofanya pale kliniki, wawili huku wawili kule na kitu chepesi kinachoelea hewani, kuna wanawake wanapanda ndege kwa ajili yake. Ni mpira wa vinyoya, au badminton kama wengi wenu mnavyouita. Na una mashindano yake ya dunia ya timu za wanawake watupu, yanaitwa Kombe la Uber. Msicheke, siyo Uber ile ya kuita gari kwenye simu. Kila bara lina mashindano yake ya kufuzu, na Afrika nzima na nchi zake hamsini na kitu inagombea kuwa bingwa mmoja ndiye aende. Mwaka 2024 aliyekwenda alikuwa jirani yetu. Wanawake wa Uganda.

Nikasema hii lazima niwasimulie mama zangu. Lakini tuanze mbali kidogo.

SEHEMU YA 2

Uber ni jina la mwanamke. Betty Uber, Mwingereza, alizaliwa 1906. Miaka ya 1930 alikuwa moto kweli kweli kwenye vinyoya, ameshinda mataji ya mashindano makubwa ya Uingereza akiwa peke yake, akiwa na mwenzake wa kike, na mengine akiwa na mumewe mwenyewe, Herbert. (Fikiria mnatoka nyumbani, mnagombana njiani, halafu mnaingia uwanjani pamoja. Na mnashinda.)

Wanaume walishapata kombe lao la timu za dunia, Kombe la Thomas, lililoanza kuchezwa msimu wa 1948 na 1949. Betty Uber akauliza, na sisi je? Mwaka 1950 wazo likapelekwa kwa wakubwa wa mchezo. Jibu mnalijua, maana mmelisikia maisha yenu yote: gharama. Hela zitatoka wapi, timu zitasafirije, nani atakuja kuangalia. Likakaa. Miaka mitatu baadaye yeye na mwenzake wa New Zealand, Nancy Fleming, wakalisukuma tena mpaka likakubalika. Kombe lenyewe alilitoa yeye.

Mashindano ya kwanza yakaisha Machi 1957 kwenye mji mdogo wa pwani ya Uingereza unaoitwa Lytham St Annes. Nchi 11 zilijiandikisha. Fainali ikawa Marekani na Denmark, Marekani wakashinda 6 kwa 1. Kwenye timu ile ya Marekani kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Judy na Susan Devlin, ambao baba yao alikuwa bingwa wa mchezo huo huo. Ukiona mtoto ni bingwa, tazama aliyempa raketi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Ili kucheza hatua zile za mwanzo, dunia iligawanywa kanda nne: Asia, Australia na visiwa vya upande wake, Ulaya, na mabara ya Amerika. Hesabu tena. Afrika haimo. Siyo kwamba tulitolewa. Hatukuwekewa hata mlango wa kubisha.

Na mwaka ule wa 1957 mabibi zetu walikuwa wanafanya nini hapa juu? Wanaotoka Newala na Tandahimba hawahitaji kuambiwa. Nyanda hizi za Makonde udongo wake hauweki maji juu. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka hiyo hiyo ya 1950, lakini vijiji vingi viliendelea kushuka bondeni na ndoo, mama na binti, alfajiri, halafu kupanda mlima na maji kichwani. Aliyesimama pale Shimo la Mungu akaangalia chini anajua ninachosema. Bibi yangu alikuwa ananiambia kwamba binti aliyekuwa hajui kushuka na kupanda bila kumwaga alikuwa hapati mchumba. Mapaja, mapafu, mizani ya mwili, vyote hivyo walikuwa navyo. Kocha yeyote wa vinyoya angewaangalia akalia.

Nirudi kwenye mchezo. Kwenye Kombe la Uber la zamani, nchi mbili zikikutana zilicheza michezo saba siku moja, wakati wanaume kwenye Kombe la Thomas walicheza tisa kwa siku mbili. Na mchezo wa mwanamke mmoja kwa mmoja ulikuwa unaishia pointi 11, wa mwanaume unaishia 15. Eti mwanamke atachoka. Mimi nimekaa leba na mwanamke aliyesukuma tangu saa mbili usiku mpaka kunakucha, halafu akaniuliza kama nimekunywa chai. Hiyo habari ya kuchoka ilidumu mpaka 2006, ndipo sheria zikabadilishwa, na seti ikawa pointi 21 kwa wanawake na wanaume wote.

Mwaka 1984 makombe yote mawili yaliunganishwa yakawa yanachezwa mahali pamoja, kila baada ya miaka miwili, na michezo kati ya nchi na nchi ikapunguzwa ikawa mitano: mitatu ya mmoja kwa mmoja, miwili ya wawili wawili. Mshindi ni anayefikisha mitatu.

Hii michezo mitano mtaikumbuka, maana ndiyo kiini cha stori yangu. Kwenye mchezo wa mtu mmoja, nchi inaweza kuwa na binti mmoja wa ajabu, akaenda akashinda, bendera ikapanda. Hapa haiwezekani. Wa kucheza peke yao lazima wawe watatu tofauti. Wa kucheza wawili wawili lazima wawe wanne, maana hakuna anayeruhusiwa kurudia. Mtu anaweza kucheza peke yake na pia na mwenzake, kwa hiyo ukibana kabisa unahitaji wanawake wanne. Watatu hawatoshi, hata mmoja wao awe bingwa wa dunia. Wanne, wote wamecheza tangu wadogo, na wote wameachwa waendelee.

SEHEMU YA 3

Wengi mmeniandikia kwenye simu mnauliza, nesi, na sisi Masasi tunaingiaje? Subirini, tunaingia, tena kwa mlango mkubwa.

Zamani ile ambayo Afrika haikuwa na kanda, nchi ya bara hili iliyokuwa na kumbi, makocha na pesa za kucheza vinyoya kimataifa ilikuwa Afrika Kusini, ile ya makaburu. Timu zake za taifa ziliteuliwa kwa rangi. Mweusi angeweza kufagia ukumbi, siyo kuuchezea.

Mwaka 1960 akaja Masasi askofu mpya wa Kianglikana, Trevor Huddleston. Wazee wa mjini bado wanamtaja. Alikaa nasi mpaka 1968. Kabla ya hapo alikuwa padri Johannesburg, Sophiatown, akaona kwa macho yake watu wanavyobomolewa nyumba kwa sababu ya rangi. Mwaka 1956 alitoa kitabu, na humo akasema jambo ambalo wakati ule lilionekana la kitoto: wazuieni kwenye michezo. Hoja yake ni kwamba kaburu anajivunia michezo kuliko kitu chochote, kwa hiyo akikosa wa kucheza naye atatikisika kuliko kwa hotuba. Tarehe 26 Juni 1959, huko London, ulifanyika mkutano wa kuanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Waliosimama kuzungumza siku ile walikuwamo Mwalimu Nyerere na huyo huyo Huddleston. Mwaka uliofuata mmoja wao anatembelea parokia za Masasi na Newala kwenye vumbi letu.

Kususia kukashika. Afrika Kusini ikazuiwa Olimpiki ya 1964, ikafukuzwa kabisa kwenye kamati ya Olimpiki 1970, na haikurudi mpaka Barcelona 1992. Na kwa bahati tu, Barcelona 1992 ndiyo Olimpiki ambayo vinyoya viliingia rasmi kama mchezo wa medali.

Huku kwingine Afrika ilikuwa inajijenga. Shirikisho la vinyoya la Afrika liliundwa 1977, na mashindano ya kwanza ya Afrika yakachezwa Kumasi, Ghana, 1979. Sasa mlango upo. Swali likabaki nani anaingia.

Miaka ya 2000 mpaka mwanzoni mwa 2010, walioiwakilisha Afrika mara kwa mara kwenye Kombe la Uber walikuwa wanawake wa Afrika Kusini mpya. Nadhani askofu wetu, aliyefariki 1998, angetabasamu, ingawa angeuliza pia kumbi zile zimefunguliwa kwa mabinti wa mitaa gani. Halafu wakaja Mauritius, kisiwa kidogo, watu hawafiki milioni moja na nusu. Wakaenda fainali za China 2016 na za Bangkok 2018. Wakafuata Misri, walioenda Denmark kwenye fainali za 2020, zilizochezwa Oktoba 2021 kwa sababu ya korona, kisha Bangkok 2022.

Ukitazama orodha hiyo usidanganyike kwamba ni nchi tajiri tu. Mauritius wana watu wachache kuliko Mtwara. Walichonacho ni klabu ambazo binti akimaliza shule haachi. Anakwenda kazini, jioni anarudi ukumbini. Hao wanne wanapatikana hapo, kwenye ile miaka ya katikati, kati ya kumaliza shule na kuwa mama. Na ndiyo miaka ambayo sisi tunapoteza wetu.

SEHEMU YA 4

Uganda sasa.

Kampala kuna ukumbi wa ndani unaitwa Lugogo. Vinyoya vinachezwa pale miaka mingi, na Kampala imekuwa ikiandaa mashindano ya kimataifa yanayoitwa Uganda International. Watu wanaweza kuona ni jambo dogo, lakini mimi naona ndilo kubwa kuliko yote. Binti wa Kampala anacheza na Mhindi, na Mmisri, na Mzungu, bila mama yake kuuza shamba anunue tiketi ya ndege. Wageni wanamfuata nyumbani. Anapigwa, analia kidogo, jioni anakula kwao, kesho anarudi.

Mwezi Februari 2022 Kampala waliandaa mashindano ya timu za Afrika, yale yale ya kutafuta tiketi. Tiketi ikaondoka na Misri. Hebu jiwekeni pale: umefagia nyumba, umepika, umekaribisha wageni, na mgeni ndiye anaondoka na kuku.

Miaka miwili baadaye, Februari 2024, mashindano yakahamia Cairo, nyumbani kwa Misri. Safari hii Uganda ndio wakaibuka mabingwa wa Afrika upande wa wanawake. Kwenye vinyoya vya Uganda kuna majina yaliyokuwa yakitajwa miaka na miaka, Husina Kobugabe, Gladys Mbabazi, Fadilah Mohamed Rafi. Siyo watu walioibuka mwaka mmoja. Ni wale wale, wamebaki, wamekomaa pamoja.

Kwa mara ya kwanza Uganda ikaingia Kombe la Uber. Chengdu, China, mwisho wa Aprili 2024. Wakapangwa kundi moja na Japani, Indonesia na Hong Kong.

Nitawaambia matokeo bila kuficha, maana sipendi stori za kudanganyana. Walifungwa 5 kwa 0 na Japani. Wakafungwa 5 kwa 0 na Indonesia. Wakafungwa 5 kwa 0 na Hong Kong. Kwenye makundi michezo yote mitano inachezwa hata kama mshindi ameshajulikana, kwa hiyo ni michezo kumi na mitano, na yote walipoteza. Indonesia hao walifika fainali wakafungwa na China, na Japani walifika nusu fainali. Yaani kati ya timu nne bora za dunia, mbili zilikuwa kundi la Uganda.

Niliziona video fupi kwenye simu baada ya zamu, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mume wangu akapita nyuma akasema, "Mbona wanapigwa hivyo, unaangalia nini?" Sikumjibu. Nilichokuwa naangalia ni yule Mganda akienda kuchukua kinyoya sakafuni kila baada ya pointi, anakinyoosha manyoya yake kwa vidole, anampa mwenzake aanzishe. Unajua kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 ya bata bukini, na kina uzito wa gramu tano hivi, kama kijiko kidogo cha sukari. Unyoya mmoja ukivunjika kinapepea vibaya. Anakinyoosha, wanaanza tena. Pointi ya kumi na nane, ya kumi na tisa, anakwenda tu.

Kuna mama atasema, nesi, kusafiri mpaka China kupigwa kumi na tano bila, si aibu hiyo? Mama, ile timu ya kwanza ya dunia ilingoja miaka saba tangu Betty Uber alipouliza. Afrika ilingoja zaidi ya ishirini kupata mashindano yake yenyewe. Aibu ingekuwa kubaki na wachezaji watatu.

SEHEMU YA 5 (ya mwisho, nina zamu ya usiku)

Nimeulizwa maswali mengi, najibu machache.

Je, Tanzania tunao? Tunacho chama cha taifa na kuna wanaocheza, ila zaidi ni Dar es Salaam, kwenye kumbi za klabu na baadhi ya shule. Huku kwetu mchezo wa wasichana ni netiboli, na mimi sina ugomvi na netiboli. Lakini netiboli yenyewe tunaipoteza pale pale. Mtoto wa kike kwetu anachezwa unyago, na akishachezwa anaambiwa kucheza basi. Mimi mwenyewe nimechezwa, na sitaki mtu aje hapa kutukana mila za watu, yapo niliyofundishwa kule yananisaidia kazini mpaka leo. Nasema tu hilo moja. Somo wangu alinifundisha usafi, heshima na kuvumilia. Hakuna mahali aliposema niache kukimbia. Hilo liliongezwa na majirani.

Je, aliyezaa anaweza kurudi? Shuleni, ndiyo. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi kwenye shule za kawaida. Bado nakutana na familia zinazodhani amefungiwa moja kwa moja. Hajafungiwa, nendeni mkaulize. Uwanjani, pia ndiyo. Aliyejifungua kawaida aanze na kutembea, aje kwenye mahudhurio yake ya wiki sita tumwangalie, asiruke ruke kabla. Aliyefanyiwa upasuaji atasubiri zaidi, na asianze bila kuonwa. Ukikimbia ukasikia mkojo unatoka au kitu kinashuka chini, usione haya, njoo, kuna mazoezi ya misuli ya nyonga na yanasaidia. Wengi mnanyamaza mnadhani ndiyo uzazi.

Je, upepo? Hili limeulizwa na mtu wa Newala, nikajua tu. Kweli, kinyoya cha manyoya hakifai hapa juu, upepo unaotoka bonde la Ruvuma utakipeleka Msumbiji. Ndiyo maana mchezo wenyewe ni wa ndani. Lakini mwaka 2019 shirikisho la dunia lilizindua aina ya kuchezea nje, kwenye mchanga, majani au udongo, na kinyoya cha plastiki kilichotengenezwa kuhimili upepo kiasi. Masasi, chini ya vile vilima, ni nafuu. Newala chezeni asubuhi au nyuma ya jengo.

Sasa la mwisho, yule dada wa glavu.

Alirudi kwa chanjo ya miezi 18 ya surua na rubela. Nikamsimulia yote haya huku namwandikia kadi. Akasikiliza. Akauliza kitu kimoja tu: "Hao wanne, wote lazima wawe shuleni?" Nikamwambia hapana, wengine wanafanya kazi, wengine ni wakubwa kabisa. Akanyamaza, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Jumamosi iliyofuata akanipigia. Kuna uwanja mdogo nyuma ya shule moja, wameruhusiwa jioni. Raketi mbili amezipata mnadani, za watoto, za plastiki. Mbili nyingine fundi seremala amezikata kwenye ubao. Tatizo ni wavu. Mwenzake mmoja akasema ana chandarua kipya hakijafunguliwa, wakikate. Jamani! Nikamwambia kwenye simu kwa sauti ya wodini: chandarua ni cha kulalia mtoto, mkikikata nakuja mwenyewe na bodaboda usiku huu. Wakafunga kamba kwenye mikorosho miwili wakatundika kanga. Urefu wa wavu halisi ni mita moja na nusu na kidogo. Wamepima kwa bega la yule mrefu wao.

Wiki ya kwanza walikuwa wanne. Wiki ya pili wanne, na watoto sita kwenye mkeka na bibi mmoja wa kuwaangalia, analipwa kwa ming'oko.

Jumamosi hii wamekuwa watatu. Wa nne mtoto wake aliamka na homa. Nimemwambia kinyoya kitangoja, aje akapimwe malaria kwanza. Yuko njiani sasa hivi, ngoja niweke simu chini.